Maktaba ifungwe msimu wa mitihani? Tujadili

Mleta mada, Masasi: Walimu wenzangu, kila Novemba, Kidato cha Pili na cha Nne wakianza mitihani ya Baraza la Mitihani (NECTA), maktaba za shule nyingi za kata huku Kusini zinapigwa kufuli. Mkutubi, mwenye funguo, anatumwa kupanga madawati. Mimi napinga. Huo ndio mwezi tunaomhitaji zaidi. Baadhi yetu tumekwenda kusimamia shule nyingine, na waliobaki wanahangaika na Kidato cha Kwanza na cha Tatu, kama hawajarudishwa nyumbani. Na mtoto akirudishwa nyumbani Novemba, mnajua anaelekea wapi: mikoroshoni. Wangeingia maktaba kwa zamu, na kazi walizoachiwa na walimu wa masomo.

Mwalimu wa Kemia, Newala: Mkutubi yupi huyo? Shuleni kwetu "mkutubi" ni mimi, na nina vipindi hadi Ijumaa jioni. Maktaba yenyewe ni kachumba nyuma ya stoo. Waajiriwe kwanza waliosomea ukutubi, chuo kipo Bagamoyo, ndipo tuzungumze zamu.

Mkutubi, Lindi Mjini: Mwalimu, la ajira nakuunga mkono. Ila kulinda watoto ndiyo kazi ndogo kuliko zote. NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zinazoonyesha walikosea wapi na kwa nini. Ziko kwenye tovuti yao, bure. Wangapi hapa wamezisoma? Tunanunua vijitabu vya maswali na majibu stendi, vingine majibu yake ya kubahatisha! Mimi huzipakua, nikaziweka kwenye mafaili kwa somo, pamoja na mitihani iliyopita. Mwalimu wa Jiografia akitaka kujua watoto wanaangukia wapi kwenye ramani, namfungulia ukurasa. Lakini hiyo ni kazi ya Julai. Novemba umeshachelewa.

Mzazi, Tandahimba: Wino na karatasi nani analipa? Tunaambiwa elimu bila ada, ila hela ya fotokopi haikosekani. Halafu walimu wangu, korosho msiziseme vibaya. Zikinyeshewa chini zinaharibika, na hizo ndizo zinazonunua sare za Januari.

Mleta mada, Masasi: Mama, la korosho sibishani nawe. La karatasi, nakala moja kwa kila somo inatosha, ikae maktaba, isitoke nje. Mwalimu wa Newala, sijasema uongezewe mzigo. Nasema upunguziwe vipindi kuanzia Julai, na madawati yapangwe na mwingine. Hilo mkuu wa shule analimaliza kwenye ratiba, bila kusubiri kibali cha Dodoma.

Mwalimu wa Kemia, Newala: Ratiba yetu anaipanga makamu, na yeye mwenyewe anafundisha Hisabati vidato vyote vinne. Vipindi vyangu vya Kemia unampa nani?