Safari ya kujitolea Uganda wiki tatu "kujifunza uongozi", laki sita na nusu, niende au nitulie?

mtoto_wa_mwaloni

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili, chuo kimoja hapahapa Mwanza, nasoma uhasibu. Kuna tangazo limebandikwa chuoni la programu ya wanafunzi wa kike tu, mnatoka Tanzania, Kenya na Uganda, mnaenda kukaa wiki tatu kwenye mwalo mmoja karibu na Jinja mnajitolea na vikundi vya akina mama wanaokausha dagaa, wao kule wanawaita mukene, halafu jioni mnafundishwa uongozi, kuendesha kikao, kuongea mbele za watu, kuandika mradi na vitu kama hivyo. Nimeomba na nimechaguliwa. Sasa mchango ni 650,000, hapo ndani kuna nauli, kulala na kula, pasi unajitegemea ambayo ni 150,000 na sina.

Pesa nilikuwa nawaza bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likitoka nikate humo, na mama (anauza dagaa Mwaloni Kirumba) kasema mchezo wao wa kuchangiana hela, mwezi ujao ni zamu yake kupokea so anaweza kunisogezea kidogo. Shida ni baba. Kasoma ile karatasi mara mbili akanirudishia akasema "uongozi gani huo unaofuatwa Uganda, wa Kirumba umeisha?" halafu akawasha redio, yaani mjadala umefungwa hapo.

Ila jamani sio kwamba natamani kutembea tu. Tangu mwaka wa kwanza kila kikundi, kila kamati, tukikaa tu mtu anageuka ananiangalia anasema dada chukua daftari uandike muhtasari. Sijawahi kuombwa maoni nimeombwa peni. Niligombea uwakilishi wa darasa nikaambiwa nisimame umakamu maana "nitapata kirahisi", kweli nikapata, na sijawahi kuendesha kikao hata kimoja kwa sababu mwenyekiti hajawahi kuumwa. So nikaona labda nikitoka mahali ambapo hakuna anayenijua nitajifunza kitu.

Aliyewahi kwenda safari za hivi anieleze ukweli, zinasaidia au ni picha tu?

Bwana_Kamanga

Ni picha tu. Mnaenda, mnavaa fulana zinazofanana, mnapiga picha na watoto, mnapewa cheti cha ushiriki, mnarudi. Kiongozi hafundishwi jioni baada ya kula ugali. 650 unanunua gunia ngapi za dagaa mdogo wangu, we mtoto wa mwaloni piga hesabu mwenyewe. Baba yako yuko sahihi.

Mkerewe_Asilia

@Bwana_Kamanga wewe ungekuwepo zamani ungemwambia Getrude Mongella abaki Ukerewe asivuke maji. Mama wa hapahapa kisiwani, kazaliwa 1945, akawa waziri, akawa balozi India, 1995 ndo alikuwa Katibu Mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa Beijing mpaka leo tunawaita wanawake wakali "mama Beijing", na 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mtu asiyetoka kwao anadhani mama yake ndo mpishi bora.

Bwana_Kamanga

Mkuu unajijibu mwenyewe. Mama Mongella alianza na chaki darasani, alikuwa mwalimu. Hakuanza na Beijing.

mkalimani_mstaafu

Mdogo wangu nimecheka hapo pa kuombwa peni, pole, na mimi nimepitia. Mi sijawahi kwenda popote ila hawa wanaokwenda wamekuja kwangu, nikwambie nilichoona upande wa pili, ni ndefu kidogo vumilia.

Nikiwa chuo nilipata kibarua cha ukalimani, wamekuja wasichana 11 wanafunzi kutoka Marekani, wiki mbili, kule mwalo wa Igombe, hapahapa Ilemela. Mpango wao ulikuwa umeandikwa vizuri kabisa, kuwafundisha akina mama kukausha dagaa kwenye vichanja badala ya kuwamwaga chini mchangani. Wazo sio baya, dagaa wa mchangani unamtafuna meno yanalia krr na bei yake kila mtu anaijua. Basi tumefika Jumatatu asubuhi na mbao, nyavu, misumari, fulana. Mwaloni kweupe. Mitumbwi imepaki imeegama, wanaume wanacheza bao, mbwa wamelala. Hakuna dagaa hata wa kulamba.

Kwanini? Mbalamwezi. We unajua, dagaa wanavuliwa gizani, unawasha taa wanakuja, sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni taa, nani atakuja kwako? Watu wanapumzika mpaka giza lirudi. Yule aliyepanga ratiba alipanga kwa kufuata likizo ya chuo chao hakuna aliyeangalia juu.

Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka 20, nilimkuta amejificha nyuma ya choo analia. Alipomaliza kulia akanawa uso akaniambia twende kwa mama mwenyekiti. Tukamkuta mama kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anashona kiraka kwenye turubai. Msichana akauliza siku kama hizi nyie huwa mnafanya nini? Mama hata hakuinua kichwa, akasema waambie hawa watoto kwamba vichanja tunavijua toka zamani, tatizo letu bei ya mbao na nyavu, na siku za mbalamwezi tunadai madeni kwa sababu madalali wa mjini wanachukua mzigo wanasema watalipa kesho, kesho yenyewe haina tarehe.

Msimamizi wa safari alikuwa pembeni anaelewa Kiswahili kidogo, akaninong'oneza hiyo ya vichanja usiitafsiri itawavunja moyo.

Nikaitafsiri. Neno kwa neno. Nilikuwa natetemeka maana kibarua kile ndo kilikuwa kodi yangu ya chumba.

Yule msichana alinyamaza, akatoa peni, akauliza mnadaiana na nani na nani. Siku tisa zilizobaki wasichana wakagawanyika, kila mmoja na mama mmoja na mkalimani, wanaandika deni kwa deni, jina la dalali, ndoo ngapi, tarehe gani, na mama mwenyekiti ndo anaamua tunaanza kwa nani kesho. Mbao waliwaachia wakafanyia banda. Zile hela zililipwa zote? Wapi, zililipwa kiasi. Lakini lile daftari lilibaki.

Kwahiyo swali lako zinasaidia au la, mi nakujibu kwa swali. Ukifika huko kuna kitu chochote ambacho wewe ndo utaamua? Hata kidogo, hata kama ni ratiba ya siku moja. Kama kila kitu kimeshapangwa kuanzia chai mpaka kulala basi Kamanga yuko sahihi, ni utalii. Mi nilijifunza uongozi kwa sentensi moja niliyokatazwa kutafsiri na sikuvuka hata mpaka wa Ilemela.

dada_wa_Wurzburg

Mkalimani umeniua na mbalamwezi hahaha.

Mimi nilikwenda Ujerumani mwaka mzima, kuna programu ya serikali yao inaitwa weltwärts, ilianza 2008 ikawa inawaleta vijana wa kwao huku kwetu, 2013 wakafungua njia ya kinyume na sisi tukaanza kwenda kwao. Wengi hawajui Mwanza ni mji ndugu na Würzburg tangu 1966, na Tampere ya Finland tangu 1988, kwahiyo milango ipo, sio lazima kila kitu kianzie Dar.

Ukweli wangu: miezi mitatu ya kwanza nilikuwa kama mtoto. Nimewekwa nyumba ya kutunzia wazee, lugha sijui, natandika vitanda, nasukuma viti vya magurudumu, bibi mmoja ananigombeza kila asubuhi mi nacheka tu kumbe ananiambia soksi nimemvalisha kinyume. Huku kwetu nilikuwa naongea kanisani watu wanapiga makofi, kule nikawa sina mdomo. Nikaelewa wale wasichana wanaokaa kimya kwenye vikao vyetu sio kwamba hawana la kusema. Hilo sikufundishwa kwenye semina yoyote. Niliporudi hakuna aliyenipa cheo wala nini, watu waliuliza umeleta zawadi gani.

Sasa mambo ya maana. Kulipia mchango sio dhambi ila sisi kule gharama zote walibeba wao, nauli, bima, pesa ya mfukoni. Ukilipa wewe basi una haki ya kuuliza mchanganuo, 650 inakwenda wapi na wapi, we si mhasibu bwana. Hela iende kwenye akaunti ya taasisi sio namba ya simu ya mtu. Pasi yako ukae nayo mwenyewe, mtu akisema naomba nikushikie kwa usalama, hapo geuza urudi, wasichana wanapotea kwa njia hiyo. Uganda huhitaji viza sisi ni Afrika Mashariki ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano pale mpakani Mutukula wanaiuliza. Na pia uliza tarehe zisije zikagongana na fildi (mafunzo ya vitendo), chuo hakitakuhurumia. Bumu usiguse, utarudi na uongozi huku unakula mihogo mpaka semista iishe.

Kirumba_Finest

Na usiogelee huko, kichocho hakina pasi kinavuka mpaka bure.

baba_watatu

Mwanangu mimi nina mabinti watatu. Nikuambie kitu kuhusu redio. Mzee akiwasha redio hajakataa, amekosa la kusema. Hilo swali la uongozi ni la juujuu, kinachomsumbua ni usiku wa saa nne akipiga simu isipokelewe, na yuko upande huu wa ziwa hana hata wa kumuuliza. Wa kwangu mkubwa alipotaka kwenda Nairobi nilimwambia maneno ya ovyo kuliko ya baba yako.

Usimpelekee karatasi tena. Mpelekee namba ya simu ya mama mmoja wa kule mnakofikia, mtu mzima, aongee naye mwenyewe. Wazazi wakiongea bei na hali ya hewa dakika mbili mambo yanalainika. Na mwambie njia, kwamba mnapita daraja la Busisi, Geita, Bukoba, Mutukula, Masaka, mpaka Kampala, ajue kila mahali utakuwa saa ngapi. Siku hizi na lile daraja la kilomita 3 hamsubiri kivuko, na yeye anakumbuka foleni ya Kigongo.

Ila na mimi nina swali kwa hao waliokuandikia, mbona uongozi unafundishwa mabinti peke yao? Nani anawafundisha hao vijana wa kiume wanaokuambia shika daftari?

mkalimani_mstaafu

@baba_watatu hapo sasa. Shikamoo mzee.

mtoto_wa_mwaloni

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, wabeja sana.

Nimempigia mratibu jana. Kabla sijapiga nikaangalia kalenda, na kweli bwana, wiki ya pili yote ni mbalamwezi. Nikamuuliza hiyo wiki akina mama wanakuwa hawana mzigo, sisi tutakuwa tunafanya nini? Akanyamaza. Akasema mwaka jana wiki kama hiyo waliwapeleka wasichana kuangalia mto Nile unapotokea ziwani. Nikamwambia ni vizuri ila hiyo ni nusu siku. Nikamweleza mambo ya madeni na madalali, kwamba mama yangu mwenyewe anadai watu wawili tangu mwezi uliopita najua linavyouma. Akauliza wewe ungepanga nini. Nikasema ningekaa kwanza na akina mama siku moja niulize, sitaki kupanga kabla. Kasema nimtumie ukurasa mmoja niliouandika kuhusu hiyo wiki na kama ukikaa vizuri nitaisimamia mimi, na mchango wangu watauangalia upya. Sio ahadi, "watauangalia". Mchanganuo pia katuma, nimeshaona mahali wamejumlisha vibaya.

So nimeshika daftari tena hahaha.

Pasi nitaanza kuishughulikia, hiyo hata nisipoenda itakaa miaka 10. Bumu sigusi.

Baba nimempa namba ya mama wa kule, anaitikia Kiswahili cha Kampala kinachochekesha. Wameongea kama robo saa, baba kaondoka mpaka nje na simu. Aliporudi hakusema ndio wala hapana, kauliza tu "hiyo nauli ni ya kwenda na kurudi au ya kwenda tu?" Mama yeye hana habari na uongozi kabisa, anataka kujua kule mukene kavu wanauza bei gani.

Bwana_Kamanga

Haya nenda. Ila bei ukiipata weka hapa na sisi tuione, na uulize kama kule nako wanapima kwa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo.