Naomba ushauri: video ya simu katika kesi ya askari

Ndugu wanasheria na wazoefu wa mahakama, shikamooni wakubwa zangu. Niko Mbeya. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alipigwa na askari akavunjika mkono, na askari huyo sasa ameshtakiwa. Mimi ndiye niliyerekodi tukio kwa simu nikiwa ng'ambo ya barabara.

Katika kesi ya Derek Chauvin (askari aliyeshtakiwa kwa kumuua George Floyd) huko Minneapolis, Marekani, mwaka 2021, mahakama ilionyeshwa picha za kamera ambazo askari walizivaa kifuani, pamoja na video ya msichana mpita njia, ingawa kamera ya Chauvin mwenyewe ilidondoka katika purukushani. Askari wetu hakuvaa kamera yoyote, hivyo utetezi utaishambulia video yangu peke yake.

Nimesoma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kinachoitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Simu ilipasuka kioo, fundi akaihamishia video kwenye simu mpya, na nakala nyingine zimeshazagaa WhatsApp.

Je, nimkabidhi mwendesha mashtaka simu ile mbovu kama ilivyo, na nidai hati ya makabidhiano? Fundi naye aitwe kuwa shahidi, au maelezo yangu kama mrekodi yanatosha?