Biashara ya bangi halali: naanzaje nikiwa Mwanza?

Muulizaji: Wakuu, Kanada wameruhusu tangu 2018, Lesotho nao wanatoa leseni za bangi ya dawa. Nina ekari moja Kisesa. Nianze na mbegu?

Jibu 1: Mbegu usiguse kabisa, mkuu. Hapa kulima ni jinai kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na leseni ya Lesotho haivuki mpaka. Ukitaka kazi huko, jifunze ukaushaji na kumbukumbu: namba ya kundi (mavuno yaliyokaushwa pamoja), tarehe ya kuvuna, uzito mbichi na mkavu. Ua la bangi hukaushwa gizani hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Likizidi hapo linaota ukungu, na maabara inakataa kundi zima. Huko ndiko mitaji inakofia, shambani ni mara chache.

Jibu 2: Ujuzi huohuo unapatikana kwenye mchaichai, na polisi hawakusumbui. Kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, nyausha siku moja kivulini, kisha toa mafuta kwa mvuke saa mbili hadi tatu. Kilo 100 za majani mabichi hutoa gramu 200 hadi 500 tu, kwa hiyo piga hesabu ya kuni kwanza.

Muulizaji: Nimesikia mafuta mengine hunuka kuungua?

Jibu 2: Majani yamegusa maji yanayochemka. Inua wavu unaobeba majani juu ya maji. Usiyashindilie pia, mvuke utatafuta njia moja na kuacha mengine. Kinachotoka kwenye bomba la kupoozea mvuke kikiwa cha moto, ongeza maji baridi. La sivyo mafuta yanapotea hewani. Hifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, dumu la plastiki linaharibika.