Mjadala: "Tumsikilize mrembo wetu". Ikisemwa mbele ya kikao, hiyo ni sifa au ni kukufunga mdomo?

Mwenye mada, Mbeya mjini

Wakuu, salaam. Naleta jambo lililonikaa rohoni tangu Juni. Nisaidieni kulipima, na atakayeona nimelikuza aseme bila kunionea haya.

Mimi ni mhasibu kwenye chama kimoja cha kuweka na kukopa. Jina la chama tuliache. Kila robo mwaka nawasilisha taarifa ya mikopo mbele ya bodi ya watu tisa, wanawake wawili. Siku hiyo baridi yetu mnaijua, wajumbe wamekaa ukumbini na makoti yao, chai ya tangawizi inafuka. Jumamosi yake nilikuwa nimesuka Mwanjelwa, na nilivaa suti ya kitenge ambayo fundi alinizungusha nayo wiki tatu. Nikasimama, nikafungua kishikwambi. Kabla sijatamka neno mwenyekiti akasema: "Wajumbe, tumsikilize mrembo wetu. Hesabu zisipotoka leo, macho yatakuwa yameshiba." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, maana niliwahi kucheka kabla yao.

Sasa ukurasa wa nne wa taarifa ulikuwa na mikopo chechefu. Wakopaji 14, marejesho yao yamesimama tangu Machi, na saba kati yao wamedhaminiana wenyewe kwa wenyewe. Nilijiandaa kuulizwa nusu saa nzima. Nikapata pongezi. Mjumbe mmoja akasema taarifa ni nzuri "kama mwenyewe", tukahamia Mengineyo. Juzi nimeusoma muhtasari: "Mhasibu aliwasilisha taarifa vizuri, wajumbe wakampongeza." Ukurasa wa nne haumo.

Sisemi mwanamke asisifiwe. Ninachosema ni kwamba sura ikitangulizwa, kazi inajificha nyuma yake, na aliyesifiwa hana la kurudisha. Ningemjibuje mwenyekiti? "Na wewe kipara chako kinang'aa"? Karibuni.

Kijana wa Kabwe

Dada, pole, ila mzee wa watu unamwonea. Umekaa saa tano unavutwa nywele, fundi umemsumbua wiki tatu, halafu tukutazame kama tunatazama nguzo ya umeme? Huku kwetu mtu akinyoa anaambiwa, akinenepa anaambiwa. Mimi nimetoka Chunya machimboni baada ya miezi minne, akina mama wa Kabwe wakanishika mashavu wakaniambia nimekuwa ufagio. Sikwenda kushtaki kokote. Wajumbe wako hawakuuliza kwa sababu hawakusoma. Wajumbe wa bodi nawajua, wanasoma posho. Angesimama mhasibu mwanaume mwenye kitambi, bado wasingeuliza.

Mwenye mada

La kutosoma nakupa nusu. Lakini aliyenitangulia kwenye kiti hiki alikuwa mwanaume, na nimepekua faili la mihtasari yake. Ameulizwa mpaka lita za mafuta ya pikipiki ya afisa mikopo. Mara mbili alirudishwa akarekebishe jedwali. Hakuna palipoandikwa kwamba alipendeza.

Mama Mbao, Mafinga

Mwanangu, mimi nakupinga kidogo. Nanunua mbao mwaka wa kumi na moja sasa, mbili kwa nne na mbili kwa sita, napeleka Dodoma. Kwenye mashine za kupasulia wote ni wanaume, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nikifika wanaanza: mama umependeza, mama leo umetuua. Nawajibu, mrembo anataka apunguziwe mia mbili kila ubao. Wanacheka, wanapunguza. Ukiwa mkali utanunua kwa bei ya mgeni. Wewe ulipaswa kumjibu hapo hapo: "Mwenyekiti, macho yakishashiba, fungueni ukurasa wa nne." Basi. Mwanamke mwenye ulimi haonewi.

Mwenye mada

Shikamoo mama. Hilo jibu lako nimelicheka, na kweli ningelikuwa nalo siku ile ningelitoa. Lakini angalia umesimama wapi. Hela iko mkononi mwako. Wakikuudhi unavuka barabara kwenda mashine ya pili, na wao wanalijua hilo. Mimi mkataba wangu unahuishwa kila Desemba, na mmojawapo wa watakaoinua mkono ni yule aliyeshiba macho.

Mhehe wa Gangilonga, Iringa

Kamwene. Nimengoja mtu aseme "ni utani tu", nashukuru bado, ila najua anakuja njiani, kwa hiyo namwahi.

Utani sisi tunaujua. Mimi Mhehe, mtani wangu ni Mngoni, babu zetu walishikana mikuki ndipo tukabaki na maneno. Mngoni akija kwenye msiba wangu anaweza kukalia njia ya makaburini akadai hela, na nitampa huku namtukana. Mwaka unaofuata nami naenda kwake nalipiza. Ndivyo utani ulivyo: wa kurushiana, na kila mtu anajua anayerushiwa ana ruhusa ya kurusha. Mwenyekiti na mhasibu wake ni watani tangu lini? Amtanie mkuu wa wilaya akija kufungua mkutano mkuu, tumwone. "Mheshimiwa leo shati limekukaa, hotuba isipoeleweka tutakutazama." Hathubutu. Maana yake anajua vizuri kabisa neno lile linashuka chini tu.

Kijana wa Kabwe

Hii ya mkuu wa wilaya nimeielewa. Naendelea kusoma.

Karani, Njombe

Na tusiwabebeshe wanaume peke yao. Masijala kwetu tuko wanawake watano na kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka jana. Yule mtoto anaambiwa kila kitu, kuanzia ndevu mpaka mapaja. Anainama kwenye mafaili kama anatafuta sindano.

Halafu kumbukeni Agosti 2021. Rais Samia alikuwa Ikulu, Dar es Salaam, amewapokea vijana wa timu ya taifa ya chini ya miaka 23 waliotoka kuchukua kombe la CECAFA. Katika hotuba akawagusia wanasoka wa kike, vifua vyao na habari ya kuolewa. Waliolalamika walilalamika, waliomtetea wakasema anahurumia maisha yao soka likiisha. Mwanamke, mkuu wa nchi, mwenye nia ya huruma. Hata hivyo ukimuuliza mtu leo kuhusu siku ile, vifua anavikumbuka. Kombe lililetwa na nani, hajui.

Wa Tunduma

Kwa hiyo hata yetu ya Juni 1, 2021 inaingia hapa. Mbunge wetu wa Momba alitolewa bungeni kwa ajili ya suruali. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi, Spika Job Ndugai akamwambia dada akavae vizuri ndipo arudi. Mtasema ni kanuni za mavazi, si sura. Sawa. Lakini mimi mpiga kura wa kule sikumbuki hoja hata moja iliyojadiliwa siku hiyo, na rangi ya suruali naikumbuka. Ilikuwa nyeusi. Kama kanuni ni kanuni, kuna karani wa kumnong'oneza mtu mlangoni. Bunge zima halikuhitaji kugeuza shingo.

Mchangiaji, Forest ya Zamani

Haya mambo ni ya Wazungu, mnayaleta kwetu. Sisi Waafrika kumwambia mwanamke amependeza ni heshima.

Msoma sheria, Iringa

Ndugu wa Forest, Wazungu wenyewe hawajakubaliana. Aprili 2013, Barack Obama, akiwa rais wa Marekani, alimsifia Kamala Harris, wakati huo mwanasheria mkuu wa jimbo la California, kwenye hafla ya kuchangisha fedha. Alianza na akili yake na ukakamavu wake kazini, akamalizia kwamba kwa sura hakuna mwanasheria mkuu anayemfikia nchi nzima. Ni marafiki wa siku nyingi. Kelele zikapigwa, akampigia simu kumwomba radhi. Na Wamarekani wengi tu walisema radhi ya nini. Kwa hiyo usifikiri wao wamelimaliza wakatuletea masalia.

Kwa wanaouliza sheria: ipo, na ni ya kwetu. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilicholetwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ile tunayoiita SOSPA, kinamgusa anayembughudhi mwenzake kijinsia kwa maneno au vitendo, na mwenye mamlaka kazini kimemtaja. Kifungo kinafika miaka 5. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Lakini tusidanganyane. "Mrembo wetu" ya siku moja haifiki huko, na wakili atakayekwambia inafika ana kodi ya pango ya kulipa. Inafika pale umekataa na inaendelea, pale inapoanza kuwa "tuonane jioni". Na ikiwa huo mkataba wa Desemba ndio unaowekwa rehani, hapo jina lake ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, mlango ni TAKUKURU.

Dada, kesi yako haiko mahakamani. Iko kwenye muhtasari. Una haki ya kuomba usahihishwe kabla haujathibitishwa, tena kwa maandishi.

Mzee wa Masoko, Rungwe

Nimesoma yote. Huyo wa Forest anasema sisi Waafrika. Mimi Mnyakyusa wa miaka sabini na tatu, nimkumbushe. Mama yangu hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani mpaka apite. Jina lake hakulitaja, na hata neno la kawaida likifanana na jina lile alitafuta neno jingine la kusemea. Babu naye hivyo hivyo, alijitenga naye. Sisemi turudi huko, wake wa wajukuu zangu wananipa mkono na tunakula meza moja. Nasema wazee wetu walijua jicho la mkubwa lina uzito, wakaliwekea mpaka. Kwamba mila zetu zilimruhusu kila mwenye cheo aseme chochote juu ya mwili wa kila mwanamke, hiyo mila mimi sikulelewa nayo.

Sasa niseme langu, maana nimestaafu na sina cha kupoteza. Nilikuwa mkuu wa idara, nina katibu muhtasi, binti mwenye kazi safi, mashine ya taipu ilikuwa inaimba. Kila asubuhi nikiingia: "Leo umependeza." Miaka minne. Niliona ni adabu, kama kusema habari za asubuhi. Siku moja nimefiwa na ndugu yangu Kyela, nimeingia na yangu kichwani, nimepita sikusema kitu. Saa nne mhudumu wa ofisi ananiletea chai, ananiuliza taratibu, mzee, yule binti amekosa nini? Kumbe amekaa asubuhi nzima anakagua barua za jana akitafuta kosa. Amechapa upya barua tatu zisizo na kosa.

Nilifikiri nampa zawadi kila siku. Kumbe nilikuwa nampimia hali ya hewa.

Mama Mbao, Mafinga

Mzee, hiyo ya barua tatu imenigusa. Ila sasa tuseme nini? Tukae ofisini kama tuko msibani?

Mzee wa Masoko, Rungwe

Hapana mama. Baadaye nilijifunza kumwambia: "Ile barua ya mkoani umeipanga vizuri, hawakuirudisha." Alifurahi zaidi, na siku nisipomwambia alijua ni kwa sababu hakukuwa na barua. Nguo zake walimsifia wenzake wa chumba cha pili, nao aliwasifia zao. Kulikuwa na kelele ya kutosha, hatukuhitaji yangu.

Mchangiaji, Forest ya Zamani

Mimi bado sijakubali. Mke wangu nilimpata ofisini kwa neno hilo hilo.

Karani, Njombe

Ulikuwa bosi wake?

Mchangiaji, Forest ya Zamani

Hapana. Tulikuwa dirisha moja.

Karani, Njombe

Basi hongera zenu.

Mwenye mada

Nawashukuru wote, hata wa Forest. Mzee wa Masoko, shikamoo, ile ya kupimiwa hali ya hewa nimeielewa mpaka tumboni, maana na mimi nimejikuta nachagua nguo ya kikao kwa kuwaza mwenyekiti atasema nini au atakosa kusema nini. Taarifa naiandaa siku mbili, nguo naiwaza wiki.

Niseme pia pale nilipokosea, maana Kijana wa Kabwe ana nusu yake. Ukurasa wa nne ni mimi niliyeuweka wa nne. Ningeweza kusema, "Kabla hatujatoka hapa naomba bodi iamue kuhusu hawa 14." Sikusema. Niliona wameridhika, na kuridhika kwao kulikuwa kutamu. Hilo nalo lipo kwenye sifa za namna hii na wengi hatulisemi: unapata kitu, na unaogopa kukirudisha.

Kijana wa Kabwe

Sasa hao 14 mmewafanyaje?

Mwenye mada

Wamefika 19. Kikao ni Alhamisi. Taarifa nimeipanga upya, waliosimama kulipa wako ukurasa wa kwanza. Barua ya kuomba muhtasari usahihishwe nimeipeleka jana, katibu ameigonga muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Na nimeongea na yule mjumbe mama mwenye duka Soweto. Ameniambia kwenye Yatokanayo ataomba nafasi yeye, aulize kwa nini ukurasa wa nne haukuandikwa, kabla mwenyekiti hajanikaribisha kusimama.

Kijana wa Kabwe

Na suti?

Mwenye mada

Ile ile. Nimeilipia.

Kijana wa Kabwe

Sawa dada. Ijumaa utuambie waliuliza maswali mangapi.