Acheni kumsulubu Benteen kwa madudu ya Custer!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ikitajwa Little Bighorn, vita vya jeshi la Marekani dhidi ya wenyeji asilia Walakota na Wacheyenne, lazima aibuke mjuaji aseme Reno mwoga, Benteen msaliti, eti maofisa hao wawili wangemfuata kamanda wao Custer angeshinda. Angeshinda kwa lipi?

Mchana wa tarehe 25 Juni 1876 Custer ana watu kama 600 wa Kikosi cha 7 cha Wapanda Farasi. Ukubwa wa kambi ya Walakota na Wacheyenne haujui, na maskauti wake Wacrow na Waarikara wameshamwonya kwamba kule watu ni wengi mno. Yeye hofu yake ni moja tu, wasije wakamtoroka. Basi anakigawa kikosi! Benteen na kombania tatu anatupwa vilimani kushoto, akatafute watu ambao hawapo. Reno na tatu zake avuke mto ashambulie, kwa ahadi kwamba kikosi kizima kitamuunga mkono. Moja ilinde nyumbu wa mizigo. Tano anaondoka nazo mwenyewe upande mwingine, na Reno hana habari.

Halafu kile kikaratasi alichomtumia Benteen: njoo, kijiji kikubwa, fanya haraka, lete mizigo. Jamani, nyumbu wenye masanduku ya risasi mgongoni wanakimbiaje? Aliyekileta ni mpiga tarumbeta Martini, Mwitaliano wa Kiingereza cha kuungaunga. Benteen angemuuliza nini?

Reno sawa, mpigeni mawe. Skauti wake Bloody Knife alipigwa risasi ya kichwa ubavuni pake, akachanganyikiwa: shukeni, pandeni, kisha mbio, hata tarumbeta haikupigwa. Ila aliyemwahidi msaada alikuwa wapi?

Na nyie mnaosema angebeba bunduki za Gatling, zile za kufyatua risasi mfululizo, pumzikeni, zingemchelewesha makorongoni. Ulizieni kombania nne za Kikosi cha 2 alizopewa akazikataa.

Kinachonikera kupita vyote, mnabishana kana kwamba Crazy Horse na Gall, viongozi wa vita wa Walakota, walikuwa mvua iliyowanyeshea tu wazungu. Siku nane kabla, kule mto Rosebud, wapiganaji wa Walakota na Wacheyenne walimbana Jenerali Crook wa Marekani na jeshi lake la watu wapatao 1,000 hadi akarudi nyuma. Custer habari hizo hakuzipata, akaenda kufa na wote aliokuwa nao, kama 210.

Sasa anayemtetea aje hapa, bila matusi, anijibu: Benteen alipelekwa kushoto kufanya nini?