Jamaa ya Bibi Koko, Himbi, Goma (watu 23)

ALHAMISI

Furaha, 18:41
Jamaa, muamke wote. Ordinatere, kompyuta ya nyumbani, inalia. Si feni. Ni tik, tik, tik, inanyamaza, inaanza tena. Nimeizima na nimechomoa waya. Mtu yeyote asiiwashe, hata kwa dakika mbili za "kutazama tu". Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. Kichwa kikishaanza kugonga, kila kuwasha kunaweza kukwangua kilichobaki.

Furaha, 18:46
Munajua kilichomo. Foto zote tulizokusanya kwa majirani na kwa watu wa kanisa baada ya lava ya 2002, tukaziskani moja moja. Harusi tatu. Kilio cha Muzee. Diplome zenu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za parseli, yaani kiwanja chetu. Na sauti ya Muzee, urefu wa saa nne na nusu, akihadithia alivyotoka Masisi mpaka akajenga hapa. Jumla ni gigabaiti 340, na hatuna nakala popote.

Chance, 18:58
Yaya, na filme zangu ziko mule?

Furaha, 18:59
Chance, filme zako sijazihesabu.

Furaha, 19:33
Watu 17 wamesoma. Alama za buluu naziona.

Furaha, 19:40
Basi naendelea peke yangu. Tununue diski mbili za nje, terabaiti 2 kila moja. Nimeuliza Birere, muuzaji anataka dola 95 kwa moja. Kila nyumba itoe dola 25, nyumba ni kumi. Kitakachobaki ni cha fundi atakayejaribu kuokoa vitu kwenye ile inayolia. Mnitumie kwa namba yangu ya kawaida, mwisho kesho jioni.

Serge (Lubumbashi), 20:15
Kununua kwa nini? Tieni yote kwa Google, ni bure.

Bahati, 20:17
Ya Serge, bure ni giga 15, na hizo hizo munagawana na barua pepe yako. Zamani foto hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Sisi tuko na 340.

Chance, 20:18
Tufungue akonti 23, kila mutu moja, inatosha 😂

Mama Mudogo (Bukavu), 20:20
Mimi akonti yangu ilipotea. Neno la siri nilisahau

Chance, 20:20
Mama Mudogo neno lako la siri ni sambaza, wote tunajua 😂😂

Mama Mudogo (Bukavu), 20:21
Nani alikuambia?

Chance, 20:21
Uliandika hapa hapa mwaka jana 😂 tena ukaongeza bei yake kwa kilo

Bahati, 20:22
🤣🤣🤣

Mama Mudogo (Bukavu), 20:24
Kwanza sambaza ya wiki hii ni ndogo ndogo, hata sufuria haijai

Furaha, 20:26
Jamaa. Diski inakufa, nanyi muko kwa samaki.

Bahati, 20:31
Yaya Furaha iko na haki. Kulipia nafasi kubwa kule kila mwezi inaomba karti ya benki, na tangu benki zifunge milango hapa Januari 2025, nani iko na karti inatembea? Na kupandisha giga 340 kwa mega za telefone, forfe ya mwezi inaisha harusi ya kwanza haijafika kwa keki. Tuseme tuchague foto kidogo zenye bei, giga 10 hivi, hizo zipande. Nyingine zikae kwa diski.

Mujomba Déo, 21:02
Kwa nini diski mbili? Moja haitoshi?

Furaha, 21:09
Mujomba, shikamoo. Moja itakaa hapa Himbi, moja kwa Mama Mudogo, Bukavu. Zikikaa zote hapa, mbele ya mlima ule wa Nyiragongo ni kama diski moja tu. Ile Alhamisi ya 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, haikuuliza kabati ina droo ngapi. Mei 2021 ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, nikatembea mpaka Sake na ordinatere mgongoni, nimeifunga na kitenge kama mtoto. Sina nguvu ya kuirudia safari ile. Wenye kazi hii wanahesabu hivi: nakala tatu, kwa vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Himbi moja, Bukavu moja, zile giga 10 kule Google. Kwa foto kidogo tutafika tatu. Kwa vingine, mbili.

Mama Mudogo (Bukavu), 21:15
Niko tayari kuishika. Kama ile valizi ya kahawia ingepita kwa mikono mingine leo tusingekuwa tunaokota foto kwa majirani

Chance, 21:16
Valizi gani?

Mama Mudogo (Bukavu)
Ujumbe huu umefutwa

Mujomba Déo, 21:19
Nimeisoma mbele ya kuifuta.

IJUMAA

Furaha, 06:10
Mwamukaje. Waliotuma ni wawili: Bahati na mimi.

Neema (Kampala), 07:48
Nimefungua sasa hivi nikaona "inakufa". Nani amekufa??

Bahati, 07:50
Diski, yaya. Pole.

Neema (Kampala), 07:51
Yesu. Nilikuwa nimeisha kuanza kulia kwa basi.

Serge (Lubumbashi), 09:22
Rafiki yangu wa hapa ana boksi moja yenye diski mbili ndani, kila unachoandika kwa moja kinajiandika kwa nyingine. Moja ikifa, nyingine inabaki. Iunganishwe na wifi ya nyumba, mambo yaishe.

Bahati, 09:40
Ya Serge, ile ni kioo. Inakusaidia diski moja ikikufa. Lakini mutoto akifuta folda ya harusi, inafutika pande zote mbili saa ile ile. Na boksi inataka umeme mchana na usiku. Umeme wetu unaujua. Ukikatika diski ikiwa inaandika, faili inabaki nusu. Ukirudi na nguvu kupita kiasi, unaweza kuunguza zote mbili pamoja. Ile ya kuchomeka, kunakili, kuchomoa na kufungia kwa kabati ndiyo inafaa hapa.

Neema (Kampala), 09:44
Na zile ndogo nyepesi zisizozunguka? Hapa Kampala ziko nyingi.

Bahati, 09:47
Hizo ni nzuri kwa safari, hata ukizipakia kwa chukudu hazishtuki. Bei ndiyo iko juu kwa nafasi ile ile. Tena si ya kufungia kabatini miaka bila kuichomeka, inaweza kuanza kusahau. Ya Bukavu iwe ya kuzunguka, isafiri mara moja kwa mashua, ndani ya nguo, ipumzike.

Chance, 10:03
Nimepata hapa Majengo flashi ya tera 2, dola 12!! Tununue kumi, kila nyumba na yake 🔥

Bahati, 10:05
Chance usinunue!

Chance, 10:06
Ordinatere yake ilionyesha tera 2 na macho yangu

Bahati, 10:11
Inaonyesha, lakini haiko nayo. Wanaidanganya ordinatere. Ndani unaweza kukuta giga 32 tu, na zikijaa inaandika juu ya vya zamani, au inakudanganya imeandika. Unaona majina ya faili yote, ukifungua, hakuna kitu. Iko programu moja inaitwa H2testw, inajaza chombo chote kisha inasoma tena kama kilichoingia ndicho kinatoka. Hata zile za Birere nitazipima mbele ya muuzaji, na pesa haitoki kabla.

Chance, 10:12
Nimeisha kulipa 😭

Mama Mudogo (Bukavu), 10:15
Tia filme zako mule 😂

Serge (Lubumbashi), 11:30
Neno moja, na musinielewe vibaya. Karatasi za parseli. Zikiwa kwa diski ya Bukavu, nani anazifungua? Anazionyesha kwa nani?

Mama Mudogo (Bukavu), 11:34
Serge unamaanisha nini?

Serge (Lubumbashi), 11:36
Shangazi, sisemi wewe. Nasema siku vikipotea, lawama italala kwa nani? Kwetu tunajua lawama inakaa miaka mingapi kwa mutu mumoja.

Furaha, 11:41
Niko mapumziko, wanafunzi wananisubiri. Diski itafungwa na neno la siri. Bila neno hakuna anayeona kitu, hata fundi.

Neema (Kampala), 11:43
Na likisahaulika?

Bahati, 11:44
Basi hata sisi hatuoni kitu. Liandikwe kwa karatasi, lisiandikwe hapa ndani kama sambaza.

Serge (Lubumbashi), 11:46
Karatasi hiyo ikae kwa nani?

(hakuna aliyejibu)

Gloire, 14:05
Koko amenikuta nasikiliza odio zenu akauliza ni kelele ya nini. Nimemusomea yote. Hata ile iliyofutwa, niliiona. Amesema niandike maneno yake kama anavyosema, nisitengeneze.

Gloire, 14:13
"Ile valizi niliifunga mimi. Ndani mulikuwa blanketi mbili na vitenge vyangu. Foto hazikuwa mule. Zilikuwa kwa droo ya kabati, chini ya kitabu cha nyimbo, kwa sababu nilifikiri jioni tunarudi. Déo alibeba alichopewa. Kule Gisenyi aliipoteza, ni kweli. Alipoteza blanketi. Muzee alijua. Alisema nyumba imeungua, tusiongeze moto mwingine, kila mutu anyamaze. Nilinyamaza, na kimya changu kikamukalia mutoto wangu. Leo nimesema.

Karatasi za parseli hazisafiri. Haziingii kwa mashini ya mutu kabla ya watoto wangu wote kukaa hapa kwangu, niwaone kwa macho. Sauti ya baba yenu, hiyo kila mutoto apewe yake. Asinyimwe mutu."

Gloire, 14:14
Mwisho wa maneno yake. Sasa amelala.

Bahati, 14:50
Gloire, karatasi ziko mule tayari. Tuliziskani 2023.

Gloire, 14:52
Mimi hilo simuambie.

Mujomba Déo, 16:27
Aksanti mama.

Serge (Lubumbashi), 16:40
Miaka 23.

Furaha, 17:05
Nimetoka darasani sasa. Mujomba, nakupigia. Shika telefone, tafadhali.

Mama Mudogo (Bukavu), 19:12
Yaya Déo mimi pia nitapiga. Si leo. Nikipata sauti

JUMAMOSI

Furaha, 12:20
Habari za fundi. Hakuiwasha ndani ya ordinatere. Aliitoa diski, akaiunganisha pembeni na kuisoma polepole, sehemu mbovu anairuka. Nilimwambia tuanze na sauti ya Muzee, kisha foto, karatasi mwisho. Sauti imetoka yote. Foto zinatoka, zingine zina mustari wa kijivu katikati. Folda ya harusi ya Neema bado haijafunguka.

Neema (Kampala), 12:31
Yangu?

Furaha, 12:32
Bado, mdogo wangu. Anaendelea.

Bahati, 12:40
Diski moja nimenunua. Ilipimwa na H2testw usiku mzima, ni tera 2 za kweli. Muuzaji alishusha mpaka dola 90. Nimeifomati exFAT ifunguke kwa Windows na kwa Mac ya Neema. Ya pili pesa haitoshi.

Furaha, 12:44
Nyumba nne zimetuma. Sita bado, na kila moja inajijua. Kikao ni siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa ya pili, kwa Koko. Serge na Neema tutawaweka kwa simu.

Serge (Lubumbashi), 12:58
Koko alisema awaone kwa macho. Mimi na Neema ni wajukuu, simu inatosha. Lakini baba yangu atoke Butembo, na Shangazi apande mashua. Karatasi ziguswe wakifika. Si kwa simu.

Furaha, 13:01
Serge, njia ya kutoka Butembo unaijua. Ordinatere haitawasubiri.

Serge (Lubumbashi), 13:02
Sauti na foto zisisubiri. Karatasi zisubiri.

Furaha, 13:20
Sawa. Fundi hajafika kwa karatasi. Nitamwambia asimame hapo. Roho yangu haitulii, lakini nitamwambia.

Furaha, 13:26
Dakika tatu za kwanza hizi hapa. Nimezituma kama dokumenti, nanyi mukituma foto mufanye hivyo hivyo, zikienda kama foto za kawaida WhatsApp inazipunguza.
📎 Muzee_01.wav

Chance, 13:40
Anacheka mule. Nilikuwa nimesahau namna anacheka.

Neema (Kampala), 13:52
Dakika ya pili anaita mutu, halafu anakohoa. Anaita nani?

Mama Mudogo (Bukavu), 15:17
Ananiita mimi. Nilikuwa kwa jiko

Mama Mudogo (Bukavu), 15:19
Nimetuma dola 25. Hiyo diski ya pili ikae kwa Yaya Déo

Mujomba Déo, 17:44
Tutaona.

Furaha, 17:46
Zimebaki nyumba tano.