Hivi nani aliamua kukaa kijiweni ni uhuni?

Mtu_wa_Tandale:
Wakuu habari za jioni, kuna swali linanikera naombeni mnisaidie. Mdogo wangu kazolewa na difenda ya polisi saa tatu usiku, yuko kijiweni na masela wenzake wanasubiri abiria. Dogo ni deiwaka wa boda, hana pikipiki yake, mwenye chombo akichoka ndo anampa apige trip mbili tatu. Kufika kituoni anaulizwa unafanya kazi gani, anajibu deiwaka, anaambiwa hiyo siyo kazi, kaandikiwa uzururaji. Hajaiba, hajagusa mtu, mfukoni hana hata kiberiti!! Sasa hapo hapo mtaani kuna baa watu wanakaa mpaka saa nane usiku, wengine wanaendesha wamelewa chakari na hakuna anayewauliza shughuli zao. Hivi nani anaamua huyu mhuni na yule anakula bata? Ni sheria, ni dini, au ni mfuko tu?

BabuKijiwe:
Kijana hayo mambo ni ya zamani sana. Mwingereza ndo alianza, wakati wa vita vile vya pili vijana walikuwa wanamiminika Dar kutoka mikoani, hawana ajira ya maandishi, wazungu wakaingiwa na hofu, mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Unakamatwa, unarudishwa kwenu. Kosa lako ni kuwepo mjini bila mwajiri.

Tukapata uhuru nikadhani yameisha, wapi. 1968 Umoja wa Vijana wa TANU wakaja na Operesheni Vijana, marufuku mini, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, kuanzia Januari 1969. Pale Kariakoo vijana walikuwa wanawavizia akina dada kwenye mabasi na kuwafanyia fujo kisa gauni fupi, na wao ndo walijiona walinzi wa maadili, mwenye gauni ndo mhuni!

Halafu 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Hii nimeiona kwa macho yangu. Asiye na kazi inayotambulika anapelekwa shamba, na kwenye msako huo wakabebwa mpaka waliokuwa wanajiuzia vitu vyao vidogo vidogo. Kilichonichekesha, baadaye wauzaji hao hao wakakatiwa leseni, na leseni yenyewe ikaitwa nguvu kazi. Ruka mpaka 2018, Magufuli akatoa vitambulisho vya wamachinga kwa elfu ishirini. Meza ni ile ile, soksi ni zile zile, ila ukiwa na kadi shingoni wewe mjasiriamali, jana yake ulikuwa unafukuzwa na mgambo.

Chuma_Ulete:
Mnaongea tu kwa sababu hamjakabwa. Januari 2015 ile ya Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, mlikuwa wapi? Mji ulizizima, watu wanafunga maduka wanakimbia hovyo. Mimi niliporwa simu na vijana wa "kijiweni tunasubiri abiria". Hakuna jamii isiyo na mipaka, hata kwa Wazaramo na Wamakonde jando lilikuwepo la kufundisha adabu. Askari wakizoa watu kumi na wawili, kati yao wawili tu wakawa wezi, mimi nawapongeza.

Sosholojia_Mlimani:
Pole kwa simu mkuu Chuma, ila wewe unaongelea kuporwa, mleta mada anaongelea kukaa. Kuna mzungu anaitwa Howard Becker, Mmarekani, huyo mwaka 1963 alisema ukengeufu, yaani kuonekana umevunja kanuni za jamii, haumo ndani ya kitendo chenyewe, unatokana na watu wenye uwezo wa kutunga kanuni na kuwabandika wengine jina. Na hao kumi wasio wezi ndo wa kuwaangalia, kijana akishalala selo akirudi mtaani mama wenye nyumba wanamwangalia vingine, mwenye boda anamnyima chombo, anayempokea bila maswali ni nani kama siyo hao wawili wezi?

Na jina likibadilika huduma nayo inabadilika. Angalia mateja wetu. Zamani teja ni mtu wa kupigwa mawe, dawa yake lupango. Mwaka 2011 Muhimbili wakafungua kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia teja aachane na heroini, mtu anafika kila siku anapewa kikombe anakunywa pale pale mhudumu anamwona anameza, anaendelea na mishe zake. Kwenye karatasi siku hizi anaitwa mraibu, yaani mgonjwa. Heroini haijabadilika, mwili haujabadilika. Mtaani bado wanamwita teja lakini, hilo nalo tusijidanganye.

Chuma_Ulete:
Sawa msomi, basi wezi nao tuwafungulie kliniki 😂

Wakili_wa_Uswazi:
Twende kwenye kinachomsaidia dogo. Vifungu vyenyewe ni 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu 1945, na mizizi yake iko kwenye sheria ya uzururaji ya Uingereza ya 1824, walipokuwa wanahangaika na maskini na wanajeshi waliorudi kutoka vitani wakawa wanalala barabarani. Kifungu cha 177 kinamgusa mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kuonekana ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza vizuri. Soma tena hapo "kujieleza vizuri", anayepima maelezo ni askari aliyekukamata! Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa maoni kwamba sheria za aina hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na nchi zinatakiwa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama yenyewe iko Arusha hapo hapo kwetu. Ni maoni ya ushauri lakini, siyo hukumu ya kesi, kwa hiyo usiende kaunta ukawatishia nayo.

Cha kufanya, nenda na kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji wa mtaa, na mchukue mwenye boda aje mwenyewe aseme huyu ni deiwaka wangu. Omba dhamana, dhamana haiuzwi.

Mtu_wa_Tandale:
Shukrani sana wakili. Mwenye boda ndo anagoma, anasema akienda kule na yeye watamuuliza leseni ya biashara. Mtendaji nimeshampata, barua kasema niifuate asubuhi.

BabuKijiwe:
Mwambie huyo mwenye boda aje hapa kijiweni niongee naye, baba yake namjua.